Mama Aulizwe na Asikilizwe: Afya ya Akili ya Mama Mweusi Katika Ujauzito na Mwaka wa Kwanza Baada ya Kujifungua

Maelezo kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Mimba na uzazi huugusa mwili mzima wa mwanamke, na akili ni sehemu ya mwili huo. Kama vile presha inavyoweza kupanda au damu kupungua, ndivyo sonona na wasiwasi uliokithiri unavyoweza kumpata mama kabla au baada ya kujifungua. Haya ni maradhi. Hayaletwi na uvivu, wala upungufu wa imani, wala kutompenda mtoto. Yana matibabu, na akina mama wengi wanaotibiwa hupona.

Maradhi haya hayachagui rangi. Matibabu yake, hata hivyo, hayawafikii wote kwa usawa. Kijarida hiki kinaeleza dalili za kuangalia, sababu zinazofanya wanawake weusi wachelewe kutibiwa nchini Marekani, na hatua ambazo mama, mume na jamaa wanaweza kuchukua ili mama asikilizwe mapema.

Hali ilivyo Marekani

Kituo cha serikali ya Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, kinachojulikana kwa herufi CDC, kinakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 8 waliojifungua karibuni huwa na dalili za sonona. Kamati za majimbo 36 zilichunguza vifo vilivyotokana na ujauzito katika miaka ya 2017 hadi 2019. Zilipojumlisha matokeo kwa wanawake wote, maradhi ya akili, pamoja na vifo vya kujiua na vya kuzidisha dawa vinavyohusiana nayo, yalitangulia sababu nyingine zote, kwa karibu asilimia 23. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vilivyochunguzwa vilitokea kati ya siku ya 7 na mwisho wa mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, yaani wakati ambapo mama amekwisha kurudi nyumbani na wageni wamekwisha kuondoka. Kamati hizo ziliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa.

Wanawake weusi ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huu. Mwaka 2023, kwa kila vizazi hai 100,000, wanawake weusi 50.3 walifariki wakiwa wajawazito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika. Kwa wanawake weupe idadi ilikuwa 14.5. Kwa wanawake weusi, maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yaliyotangulia katika uchunguzi wa majimbo 36. Kwa hiyo mama anayesema kifua kinabana au moyo unakwenda mbio hapaswi kuambiwa kwamba ni mawazo tu, wala kwamba ni uchovu tu. Apimwe moyo, na aulizwe pia kuhusu hali ya akili yake.

Tofauti huonekana hata pale bima inapokuwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanawake wa jimbo la New Jersey waliokuwa na Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Asilimia 9 ya wanawake weupe walianza matibabu ya afya ya akili baada ya kujifungua. Kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 4. Na hata miongoni mwa walioanza, wanawake weusi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuendelea na matibabu.

Mama aliyetoka Bukavu, Kigoma au Mombasa huingia katika hesabu hizi siku anapojiandikisha hospitalini. Mhudumu anayemwona hajui safari yake, wala kambi aliyoishi, wala aliowaacha nyuma. Humwona mwanamke mweusi, na yale ambayo mhudumu huyo ameyazoea kuyafikiri juu ya wanawake weusi yanaweza kumtangulia mama kabla hajafungua kinywa.

Hali tatu zinazopaswa kutofautishwa

*Huzuni ya siku za mwanzo.* Akina mama wengi hulia bila sababu, hukasirika upesi au hujihisi wanyonge kuanzia siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua. Huzuni hii huletwa na mabadiliko ya homoni na kukosa usingizi. Huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Mama huhitaji kupumzika, kula vizuri na kusaidiwa.

*Sonona na wasiwasi uliokithiri.* Dalili zikizidi wiki mbili, au zikiwa nzito mno, hali hiyo haipaswi kuitwa tena huzuni ya kawaida. Maradhi haya yanaweza kuanza wakati wa ujauzito au wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Dalili zake ni pamoja na:

- huzuni au utupu wa moyo karibu kila siku;
- kutofurahia mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, hata kumbeba mtoto;
- kukosa usingizi hata mtoto anapolala, au kulala kupita kiasi;
- kukosa hamu ya kula, au kula bila kiasi;
- hofu isiyokwisha, moyo kwenda mbio, kutetemeka, kuamka mara kwa mara kuhakikisha kwamba mtoto anapumua;
- maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo ambayo vipimo havionyeshi chanzo chake;
- hasira nyingi, kujitenga, kutopokea simu za jamaa;
- kujilaumu na kujiona kuwa mama asiyefaa;
- kufikiri kwamba ingekuwa heri asingekuwapo.

Baadhi ya akina mama wenye wasiwasi mkubwa hujiwa na picha za kutisha akilini, kama vile mtoto kuanguka au kudhurika mikononi mwao. Picha hizo huwatia hofu na aibu, nao huzificha. Kujiwa na picha hizo na kuziogopa si sawa na kutaka kumdhuru mtoto. Ni dalili inayojulikana, na mhudumu wa afya ya akili amezoea kuisikia.

*Kurukwa na akili baada ya kujifungua.* Hali hii ni nadra. Huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama husikia au kuona yasiyokuwapo, hukaa siku kadhaa bila kulala na asijione amechoka, huongea bila mpangilio, au huamini mambo ya ajabu juu yake au juu ya mtoto. Familia nyingine hudhani ni majini, uchawi au husuda, zikaanza kutafuta tiba mahali pengine. Hii ni dharura ya hospitali, sawa na kutokwa na damu nyingi. Mama asiachwe peke yake, mtoto asiachwe naye bila mtu mzima mwingine, na simu ipigwe 911 papo hapo.

Kwa nini mama mweusi hachunguzwi mapema

Sababu ya kwanza iko upande wa wanaotoa huduma. Katika uchunguzi wa CDC wa mwaka 2023, mwanamke 1 kati ya 5 alisema alitendewa vibaya wakati wa huduma ya uzazi. Kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 30. Miongoni mwa waliyoyataja ni kuomba msaada wasijibiwe, kukemewa, na faragha yao kutoheshimiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwahoji wanafunzi wa udaktari na madaktari weupe waliokuwa bado mafunzoni. Kiasi cha nusu yao walikubali angalau dhana moja potofu kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Waliokuwa na dhana hizo waliyapima maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo kuliko ya mgonjwa mweupe, na ushauri wao wa matibabu ukapungua usahihi. Mtu anayedhaniwa kuwa hasikii maumivu ya mwili ni rahisi kudhaniwa pia kuwa hana maumivu ya moyo.

Sababu ya pili iko upande wa kimya. Katika uchunguzi huohuo wa CDC, asilimia 45 ya wanawake walisema waliwahi kuacha kuuliza jambo au kueleza shida iliyowasumbua. Baadhi walidhani hali yao ni ya kawaida. Wengine waliona haya, au hawakutaka kuonekana wasumbufu.

Kwa mama wa Kiswahili kimya hicho kina mizizi zaidi. Amelelewa akisikia kwamba mwanamke hujikaza na kwamba siri ya nyumba haitolewi nje. Hata salamu humfunga. Mhudumu huuliza, "Habari yako leo?" na mama hujibu, "Nzuri," kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka, katika Kiswahili hata mwenye msiba huanza na "nzuri" kabla ya kueleza yaliyomfika. Mhudumu asiyeijua desturi hiyo hulipokea jibu kama lilivyo, huandika kwamba mama hajambo, na kumwita mgonjwa anayefuata. Huyo mmoja amefunzwa kutarajia mwanamke mweusi shupavu, na huyu mwingine amefunzwa kuonekana shupavu. Baina yao ugonjwa hupita bila kutajwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili si mgonjwa peke yake anayepaswa kuusikia usemi huo. Asiyeuliza naye huficha.

Kiswahili na maswali ya kliniki

Kliniki nyingi hutumia orodha ya maswali ili kubaini sonona. Inayojulikana zaidi kwa akina mama ni ile ya Edinburgh, iliyotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987. Ina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na la mwisho huuliza kama mama amewahi kufikiri kujidhuru. Alama zikiwa nyingi, mama hapewi papo hapo jina la ugonjwa. Maana yake ni kwamba anahitaji mazungumzo marefu zaidi na mtaalamu.

Tafsiri ya maswali hayo ina mitego. Swali moja la orodha hiyo hutumia usemi wa Kiingereza unaomaanisha kulemewa na mambo. Ukitafsiriwa neno kwa neno, mama huulizwa kama vitu vimempanda juu ya mwili, naye hujibu hapana. Mtego huo upo pia katika majibu. Mama anaposema "nina mawazo mengi," msemaji wa Kiswahili huelewa kwamba amelemewa na huzuni na wasiwasi. Likitafsiriwa neno kwa neno, mhudumu husikia kwamba mama huyu ni mtu wa kufikiri sana. Vivyo hivyo "moyo mzito," "roho imechoka" na "mwili hauna nguvu."

Kwa hiyo inafaa mama aongeze maelezo yanayopimika: halali saa ngapi, hajala tangu lini, hulia mara ngapi kwa siku, ni kazi gani za nyumbani zimemshinda. Maelezo ya namna hiyo hayapotei kwa urahisi katika tafsiri.

Mama ana haki ya kupata mkalimani bila malipo, kwa simu, kwa video au ana kwa ana, katika hospitali au kliniki yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Haki hiyo imejengwa juu ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964. Mtoto hapaswi kutumiwa kama mkalimani wa mzazi wake, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna njia nyingine. Mume au shemeji naye si mkalimani anayefaa kwa mazungumzo haya, hata akiwa na nia njema, kwa sababu yapo mambo ambayo mama hatayasema mbele yake. Kama Kiswahili cha mkalimani na cha mama havilingani, kwa mfano mmoja akizungumza cha Lubumbashi na mwingine cha Unguja, mama anaweza kuomba mkalimani mwingine. Mkalimani naye amefungwa na wajibu wa kutunza siri.

Maneno ya kumwambia mhudumu

Yafuatayo ni maneno yanayoweza kusemwa moja kwa moja, au kwa njia ya mkalimani, au kuandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa:

- "Daktari, tangu nijifungue silali hata mtoto anapolala, na nina hofu kila saa. Naomba nipimwe sonona."
- "Nimesema nzuri kwa adabu tu. Sijisikii vizuri."
- "Nilijifungua miezi minne iliyopita." Mama aseme hivi kila anapofika hospitalini katika mwaka wa kwanza, hata akiwa amekwenda kwa sababu nyingine.
- "Naomba uandike kwenye faili langu kwamba nimeomba kupimwa, na kama hunipimi, uandike sababu."
- "Naomba kumwona mhudumu mwingine."

Maneno haya si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa, na wahudumu wema huyapokea kwa shukrani.

Nafasi za kuyasema ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinashauri mama awasiliane na mhudumu wake ndani ya wiki 3 za kwanza baada ya kujifungua, kisha achunguzwe kikamilifu kabla ya wiki 12 kwisha. Chama cha madaktari wa watoto nacho kinashauri mama aulizwe kuhusu sonona katika kliniki ya mtoto ya mwezi wa 1, wa 2, wa 4 na wa 6. Mama anayempeleka mtoto kuchanjwa, lakini hana muda wa kujitazama mwenyewe, anaweza kuitumia siku hiyohiyo kuomba msaada wake.

Kuulizwa peke yake hakutoshi

Mwaka 2006 New Jersey ilikuwa jimbo la kwanza kuamuru kwamba kila mama aliyejifungua achunguzwe sonona. Watafiti walipowaangalia baadaye wanawake wenye Medicaid katika jimbo hilo, hawakuona kwamba sheria hiyo iliongeza idadi ya walioanza matibabu. Fomu zilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mama kutoka kwenye fomu hadi kwa mtu wa kumtibu.

Kutokana na hayo familia inaweza kuitambua huduma iliyo bora. Mhudumu humweleza mama maana ya majibu yake. Humpangia miadi kabla hajaondoka, badala ya kumpa namba ya simu na kumwacha aitafute njia mwenyewe kwa Kiingereza. Humpigia simu kujua kama alifika. Kliniki huweka saa zinazowafaa wanaofanya kazi za zamu, na huwaajiri wahudumu wa afya ya jamii wanaoijua lugha na desturi za wagonjwa. Katika majimbo kadhaa Medicaid hulipia pia msaidizi wa uzazi, aitwaye dula, ambaye humsindikiza mama wakati wa ujauzito, uchungu na siku za baadaye, na huweza kumsemea pale sauti yake inapopuuzwa. Pasipokuwa na mambo hayo, mama au jamaa wana haki ya kuuliza: "Miadi yake ni lini, ni kwa nani, na mkalimani atakuwapo?"

Hofu zinazowazuia akina mama

*"Watamchukua mtoto."* Hofu hii ni kubwa, hasa kwa familia zilizokwisha kupoteza mengi. Kuugua sonona si kosa, na kutafuta matibabu huonyesha kwamba mama anamjali mtoto wake. Ni kweli kwamba wahudumu wa afya nchini Marekani wanalazimika kisheria kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto anapigwa, anadhuriwa au anaachwa bila matunzo. Lakini mama kusema kwamba ana huzuni, halali, au ana mawazo yanayomtisha ni kueleza dalili, na dalili hutibiwa.

*"Habari zitaenea."* Sheria ya mwaka 1996 huzilinda taarifa za mgonjwa. Mhudumu haruhusiwi kumweleza jirani, mwajiri au kiongozi wa dini. Mama anaweza kuomba kuzungumza bila ya jamaa yeyote kuwapo chumbani.

*"Ni upungufu wa imani."* Dua na matibabu havigombani. Anayeomba msikitini au kanisani humeza pia dawa ya malaria. Shehe, padri au mchungaji anayemwambia mama aende hospitali hajaipunguza imani yake.

*"Dawa zitamdhuru mtoto."* Zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia, sertraline, kwa mfano, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana. Daktari hupima hatari ya dawa pamoja na hatari ya kuuacha ugonjwa bila tiba. Mama anayetumia dawa tayari asiiache ghafla anapogundua ana mimba. Azungumze kwanza na daktari.

Matibabu yalivyo

Matibabu ya kwanza kwa wengi ni mazungumzo na mtaalamu kwa wiki kadhaa. Mama hujifunza kuyatambua mawazo yanayomwangusha, kuyajibu, na kurekebisha mahusiano yaliyotatizika tangu mtoto azaliwe. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kwa video, pamoja na mkalimani. Yana faida hata kabla ya ugonjwa: tangu mwaka 2019 jopo la kitaifa la tiba ya kinga limeshauri kwamba wajawazito walio katika hatari kubwa zaidi wapelekwe kwenye ushauri nasaha mapema. Hatari huongezeka kwa aliyewahi kuugua sonona, aliyepitia ukatili au vita, aliye na shida ya fedha, na aliye mbali na ndugu. Familia nyingi za wakimbizi zitajiona katika orodha hiyo.

Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, na hazipaswi kuachwa mara tu nafuu inapoonekana. Mwezi Agosti 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha zuranolone, dawa ya kwanza ya kumeza iliyoidhinishwa mahsusi kwa sonona ya baada ya kujifungua. Humezwa kila jioni kwa siku 14. Huleta usingizi mzito, kwa hiyo mama haendeshi gari kwa saa 12 baada ya kuimeza, na mtu mwingine huhitajika kumwangalia mtoto usiku.

Kazi ya familia

Nyumbani Afrika Mashariki na Kongo mama aliyejifungua huzungukwa na watu. Mama mzazi, shangazi au mama mkwe hufika, humkanda, humpikia uji na supu, na humpokea mtoto usiku. Siku arobaini ni za kupumzika. Marekani siku hizo mara nyingi hupotea. Mama mzazi yuko Nyarugusu au Goma na hana viza. Mume amerudi kazini baada ya siku chache. Majirani hawajuani. Upweke huo ni hatari kwa afya, na familia inaweza kuupunguza kwa mambo ya wazi:

- mume au jamaa apange zamu za usiku, ili mama apate angalau saa nne au tano za usingizi mfululizo;
- wanawake wa jumuiya wagawane siku za kupika na kufua, hata kwa wiki tatu tu;
- mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kumpeleka mama kliniki na kukaa na watoto wakubwa;
- jamaa wa mbali waandae simu fupi za mara kwa mara, zenye kusikiliza zaidi kuliko kushauri;
- baba naye aangaliwe, kwa kuwa akina baba pia huugua sonona baada ya mtoto kuzaliwa.

Maneno nayo ni sehemu ya matunzo. "Mbona sisi tulizaa saba na hatukulalamika?" hufunga mlango. "Pole, mwanangu. Nieleze unavyojisikia, nami nitakwenda nawe" huufungua. Anayehofia kwamba mama anafikiri kujiua amuulize waziwazi, kwa upole. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua.

Gharama

Sheria ya mwaka 2021 iliyaruhusu majimbo kuendeleza Medicaid ya ujauzito hadi miezi 12 baada ya kujifungua, na karibu majimbo yote yamefanya hivyo. Masharti hutofautiana kwa jimbo na kwa hali ya uhamiaji, kwa hiyo mama aulize mapema kliniki au shirika linalohudumia wakimbizi. Vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato cha familia. Katika dharura, hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea malipo ya bima ya serikali ya wazee zinalazimika kumchunguza mgonjwa na kuituliza hali yake, awe na bima au asiwe nayo.

Mahali pa kupata msaada

- *1-833-852-6262*: simu ya kitaifa ya afya ya akili ya akina mama, kwa wajawazito, waliojifungua na jamaa zao. Hujibiwa saa 24, kila siku, bila malipo na kwa siri. Anayepiga ataje neno "Swahili" na kusubiri mkalimani.
- *988*: simu ya msaada kwa anayefikiri kujiua au aliyezidiwa na dhiki, saa 24. Anayepiga simu anaweza kuomba mkalimani.
- *911*: mama akitaka kujidhuru au kumdhuru mtoto sasa hivi, akisikia sauti zisizokuwapo, au kifua kikimbana na kushindwa kupumua. Mpigaji aseme kwamba mgonjwa amejifungua karibuni, na ataje idadi ya siku au miezi.

Ukurasa huu unaweza kukatwa na kubandikwa mlangoni mwa jokofu, mahali ambapo kila mtu wa nyumba huuona. Mama anayeumwa huenda asiwe na nguvu ya kuzitafuta namba hizi mwenyewe. Aliye karibu naye azijue tangu leo.